Mluzi wa Fundi wa Hadubini

Fundi wa hadubini hupiga mluzi wa nyimbo za kanisani kila anapokiandaa chombo chake. Mma Oarabile, aliyekaa kwenye stuli akiwa amepakata sweta ya bintiye, aliusikiliza mluzi ule kwa roho mkononi. Alikuwa ameleta chupa ya vumbi la ukuta wake, ukuta aliousiriba mwenyewe kwa udongo laini wa buluu kutoka kwenye lundo la taka za mgodi wa asbesto, yale madini ya nyuzi zinazodhuru mapafu, kama majirani wote. Binti anakohoa tangu Pasaka. Vidole vya fundi ni vinene, lakini alikizungusha kichujio cha mwanga polepole, kama mtu anayefungua mlango wa mgonjwa, mpaka ndani ya hadubini kukawa giza totoro, ili king'ae kitu kimoja tu: nyuzi za asbesto. Akachungulia.

"Nyuzi mbili tatu tu za asbesto, Mma. Usinikodolee macho hivyo, utanitoboa mgongo."

"Basi niende nikapike, Rra?" aliuliza, akimwita bwana kwa Kitswana.

"Ngoja kwanza. Uzi uliolala sambamba na kichujio hauonekani." Alichomeka vipande viwili vyembamba vya kugeuza mwanga, kimoja chini ya vumbi na kingine juu yake, akavilaza mshazari. "Sasa zitang'aa zote, zilale vyovyote."

Akainama tena. Mluzi ukakatika katikati ya ubeti. Huwaita watu wote wachungulie; Mma Oarabile hakumwita. Alivaa glavu, akaitwaa taratibu ile sweta mapajani mwa mama huyo, ambayo asubuhi aliitumia kuifunga ile chupa ya vumbi isivunjike.

"Hii hairudi nyumbani, Mma. Na mtoto leo alale kwingine."