Nilivyobadili shokapu za pikapu nyumbani Miyuji, baada ya mama kukataa kupanda gari langu

Wakuu, habari za majukumu. Wakubwa wangu humu shikamooni, wadogo marahaba hata kama hamjaniamkia.

Hili limenitokea mwenyewe, si la jirani wala la "rafiki yangu mmoja". Nitalisema lilivyo, pamoja na pale linaponiaibisha.

Nina gari, pikapu double cabin, four wheel, lenye umri wa kuoa. Nililinunua baada ya kuomba bei wiki tatu, mpaka mke wa muuzaji akawa ananiwekea chai bila kuniuliza sukari.

Siku nalipeleka kijijini, ndani ndani huko Chamwino, mama alilizunguka lote, akaligusa boneti kama anayekagua ng'ombe wa mahari. Akasema, "Zuri."

Mwaka huu mama alianguka, akafanyiwa upasuaji wa nyonga. Daktari akaandika mazoezi ya viungo hospitali ya mjini, mara moja kila wiki, wiki nane. Akasema wazi: akiacha njiani, atatembea na mkongojo maisha yake yote.

Nikajipa udereva. Kila Alhamisi nafunga duka, namfuata, namrudisha.

Sasa hapa Dodoma mnajua wenyewe. Mkubwa hakai mbele. Mheshimiwa hufunguliwa mlango wa nyuma. Basi nami nikamfungulia mama mlango wa nyuma, nikamwekea na mto, nikashika usukani kama dereva wa wizara.

Nilijiona mtoto mwema kupita wote mkoani.

Safari ya kwanza alikuwa kimya. Ya pili kimya. Ya tatu nampigia kumwambia najiandaa kutoka, akasema, "Usije mwanangu. Nimepona."

Nikafurahi! Wiki nane zimekuwa mbili. Nikahesabu tena, mbili kweli. Nikasema damu ya kwetu ngumu.

Jioni akapiga Loyce, mdogo wangu anayeishi na mama.

"Kaka, mama hajapona. Hata chooni anakwenda kwa kushika ukuta."

"Mbona kaniambia..."

"Anaogopa gari lako. Linamrusha. Akirudi huko halali siku mbili kwa maumivu. Kanikataza nisikwambie. Anasema unalipenda, utajisikia vibaya."

Wakuu, nilikaa juu ya ndoo pale uani. Mimi ninayeweza kubishania mia moja na muuza nyanya mpaka jua linahama, mama yangu kakubali mkongojo ili mimi nisijisikie vibaya.

Kesho yake nikalikagua. Kipimo ni rahisi: simama kwenye kona ya gari, ligandamize chini kwa uzito wako, liachie. Likipanda na kutulia, shokapu nzima. Langu lilipanda, likashuka, likapanda, likashuka. Nikarudia kipimo kona zote nne, jibu lile lile. Chini, shokapu za nyuma zimelowa oili, vumbi limegandia juu yake kama ugali wa jana.

Nikaamua nifanye mwenyewe nyumbani. Si kwa ubahili tu (ingawa upo). Nilitaka nione kila nati kwa macho yangu.

Duka la spea nikamkuta dada mwenye miwani, anakutazama kama mwalimu wa hesabu.

"Unataka za mzigo au za kawaida?"

"Zipi zinadumu?"

"Za mzigo. Ila wewe unabeba nini?"

"Mama. Katoka upasuaji."

Akavua miwani. "Chukua za kawaida. Za mzigo ni ngumu, gari likiwa tupu litamchapa. Na usianze kubishana, nimeshakupunguzia."

Miaka yote ya kuomba bei, ndiyo mara ya kwanza nimepunguziwa kabla sijakohoa. Nilitoka pale najihisi nimeibiwa kitu, sijui nini.

Jumamosi asubuhi tukaanza, mimi na mke wangu, Mama Tumaini. Nati zote nilizimwagia oili ya kulainisha kutu tangu jana yake. Wanaoanza msiruke hatua hii.

Jiwe mbele na nyuma ya tairi zinazobaki chini. Jeki ni ya kuinulia tu, gari lilale kwenye stendi zake za chuma. Msitumie tofali, wakuu. Tofali hupasuka bila kuaga.

Shokapu za nyuma zilitoka kwa adabu. Za mbele ndiyo kesi: ukifungua nati ya juu, fimbo nzima inazunguka nayo. Lazima mmoja ashike fimbo kwa spana, mwingine azungushe.

"Shika vizuri," nikamwambia.

"Nimeshika. Anayezunguka hapa ni wewe."

Jirani aliyekuwa anamwagilia mchicha alicheka mpaka maji yakamwagikia ndala.

Mpya kabla ya kuzifunga, zisimamishe wima, uzipampu mara kadhaa hewa itoke. Zile bolti zinazopita kwenye bushi za mpira usizikaze mwisho gari likiwa hewani. Lishushe kwanza likae kwa uzito wake, ndipo ukaze. La sivyo mpira unabaki umejipinda, unakufa mapema.

Saa saba mchana tumemaliza. Nikaenda test drive kwenye barabara ya vumbi, Mama Tumaini kakaa nyuma. Mbele limetulia, usukani mwepesi. Nikaanza kupiga mluzi.

"Simama," akasema. "Shuka. Njoo ukae huku, niendeshe mimi."

Nikaona ananionea. Nikakaa pale pale anapokaaga mama.

Tuta la kwanza nikanyanyuka kwenye siti. Makorongo madogo yaliyofuata yakapanda kupitia kiuno mpaka kwenye meno. Ule mgongo wa siti umesimama wima kama benchi la kanisani, huna pa kuegemea. Na mimi nyonga zangu nzima.

Miaka minne nina gari hili. Sikuwahi kukaa kiti kile hata siku moja.

"Umeona anachopanda mama?" akauliza, bila kugeuka.

Nikamwambia asimame, nikashuka kuzitazama springi za nyuma.

Nilijua kosa liko wapi. Mwaka juzi nilimwambia fundi aongeze chuma kimoja kwenye kila springi ya nyuma, nibebe mchanga na matangi ya maji ya watu. Na upepo wa tairi najazaga wa mzigo. Gari limekazwa kubebea tani, mimi nabebea mama wa kilo hamsini. Shokapu mpya haziwezi kulainisha tamaa ya mtu.

Jumatatu nikarudi kwa fundi, maana springi sizigusi mwenyewe. Akaniuliza mara mbili, "Bosi, nivitoe kweli? Mchanga hutabeba tena." Nikamwambia toa. Upepo wa tairi nikaurudisha kwenye kipimo kilichoandikwa mlangoni mwa dereva.

Alhamisi nikaenda bila kupiga simu.

"Shikamoo mama. Nimetengeneza gari."

"Marahaba. Nilishasema nimepona."

"Basi tuzunguke tu hapa mpaka kanisani. Likikurusha, nakurudisha."

Akamtazama Loyce. Loyce akaangalia pembeni. Nikamfungulia mlango wa mbele, nimelaza kiti kidogo.

"Huku si kwa wakubwa," akasema.

"Wakubwa wanaumia mama. Kaa na mimi."

Kanisani tukapita. Hakusema rudi. Tukaingia lami, ndipo akaanza: nani kaoza binti, mbuzi wa nani wamekula mtama wa nani, na kwamba naendesha kama nakimbizwa. Zile safari mbili hakusema neno, kumbe alikuwa amebana meno.

Tulipofika hospitali akashuka polepole, akaushika mkono wangu, akauliza, "Wiki ijayo unakuja saa ngapi?"

Nikajifanya natafuta funguo.

Funzo langu, wakuu: usiulize abiria wako kama gari liko sawa. Mzazi atakwambia liko sawa. Mpe mtu usukani, wewe kakae kiti chake, upite njia yake.

Waliowahi kusafirisha mgonjwa kwa pikapu waniambie wanamkalishaje. Na fundi atakayeona nimekosea hatua aseme, nitarekebisha. Bado tuna Alhamisi tano, pamoja na ya kufidia ile aliyoikosa.