Mzee wa Mabegi ya Mahujaji

Kila mwaka waumini wanapotoka Kyela kwa miguu kwenda kusali Matema, kando ya ziwa, mabegi yao hubebwa na mzee mmoja mwenye pikipiki ya matairi matatu. Kila begi hulipokea kwa mikono miwili na kulipangusa vumbi, hata kama halina. Njiani huwapita wakiimba. Hupunguza mwendo, huitikia ubeti mmoja kwa sauti yake nzito, kisha wimbo hubaki nyuma na yeye hubaki na mngurumo wa injini. Hufika peke yake, huyapanga mabegi barazani mwa kanisa, hukaa akitazama ziwa. Wakifika, kila mtu huchukua lake, hushukuru, “Ndaga, baba,” na kuwafuata wenzake.

Mwaka huu Mama Lusungu, aliyefika wa mwisho akichechemea, hakuondoka. “Baba, umekula?”

Mzee aliinama kukung'uta viatu. “Nitakula nyumbani.”

“Na nani?”

Mzee akaendelea kukung'uta kiatu kilekile. Mama Lusungu akaketi kando yake, akafungua wali wake, akamsogezea upande wenye samaki. Mzee akala polepole sana, kila tonge akimtupia jicho, akihofia mama huyo asije akanyanyuka na kuwafuata wenzake.