Walionisemea

Duka lilipokaribia kufungwa, mwenye hasira nilikuwa mimi, si mwenye duka. Yeye alikuwa anarudi kwao Tanga kumuuguza dada yake, na moyo wake ulikuwa umetulia. Mimi nilikuwa nabaki Tunduma bila kompyuta.

Lilikuwa duka la steshenari karibu na barabara iendayo mpakani: fotokopi, kuchapa barua, laminesheni na kadi. Kadi ndizo zilizokuwa zangu. Kadi za mchango wa harusi, kadi za mwaliko, vijitabu vya ibada ya mazishi, mabango ya saluni. Nilijifunza mwenyewe kwa kuharibu karatasi za watu, na mwenye duka, ambaye sote tulimwita Bi Mkubwa, aliziona zile karatasi kwenye ndoo ya taka akanyamaza. Kwa kunyamaza kule tu namshukuru mpaka leo.

Siku aliyonieleza kwamba anaondoka, alisema mashine ya fotokopi imepata mteja Vwawa, na kompyuta nayo kuna bwana anaitaka. Nikamwambia nimesikia kuna watu wanasanifu kadi kwa mtandao, mteja yuko ng'ambo na wao wako kwao. Akafikiri. Alikuwa mfanyabiashara, hakuwa mtu wa huruma za ovyo.

"Basi ipate kazi moja ya huko kabla sijafunga," akasema. "Nikiona inaweza kukulisha, nakuachia. Nikiona haiwezi, ya nini ikae kwenu ikifuga vumbi?"

Nikafungua profaili kwenye tovuti moja ya kazi, kwa modemu yenye laini ya Zambia, maana mtandao wao ulitufikia vizuri kuliko wetu. Nikaenda studio kupiga picha nikiwa nimevaa koti la studio, lile ambalo nusu ya mji imepigiwa picha nalo. Sifa zangu niliziokota kwenye kurasa za wenzangu: mbunifu mahiri, mwenye uzoefu mpana, anayefanya kazi chini ya shinikizo. Nikaweka na sampuli zangu bora. Nikakaa kusubiri, na hakuna aliyeniandikia.

Nilipochungulia tena kurasa za wenzangu nikaona wanachonizidi. Chini ya kila sampuli palikuwa na maneno ya mteja akieleza alivyohudumiwa. Hapo nikakwama. Kwetu mtu haendi kuomba asifiwe. Ataulizwa kama anagombea udiwani.

Bi Mkubwa hakuwa na aibu hiyo. Alichukua simu yake akawapigia wateja wangu, na waliokuja walikuwa watatu.

Wa kwanza alikuwa mzee mwenye malori, niliyemtengenezea kadi za harusi ya binti yake. Alikaa, akavua kofia, akasema, "Andika kwamba huyu ni binti wa watu. Anaamkia. Hata ukimkuta amenuna, anaamkia."

"Mzee, sema kuhusu kadi," nikamwambia.

"Kadi si umewawekea hapo? Macho wanayo."

Wa pili alikuwa mama wa saluni kutoka Nakonde, ng'ambo ya mpaka. Bango lake nililisanifu mimi. "Andika namjua mpaka kwao," akasema. "Akiwakosea, mimi mwenyewe nitakwenda kumwambia mama yake. Natotela mukwai." Akashukuru hivyo kwa Kibemba kana kwamba hao wateja wako palepale wanamsikiliza.

Wa tatu alikuwa mama mwenye genge mtaa wa Chapwa, aliyefiwa na mama yake mwaka ule. 

"Vile vitabu vya ibada alivileta mwenyewe msibani," akasema. "Tukamwambia mwanangu nenda, una kazi. Akabaki, akaosha vyombo."

Walipoondoka nilikuwa nachemka. Nani huko ng'ambo anatafuta mbunifu wa kuosha vyombo? Nikaanza kuandika kwa Kiingereza nilichokiona kwa wenzangu: kazi safi, kwa wakati, nampendekeza. Bi Mkubwa alikuwa amesimama nyuma yangu. Kiingereza hakukijua sana, lakini hakuwa mtu wa kupunjwa.

"Mbona fupi? Yule mama kasema zaidi ya hapo."

"Nimeyanyoosha."

"Yanyooke yaende wapi? Mtu kafunga genge lake kuja kukusemea. Andika alivyosema."

Hakuondoka. Nikaandika yote, kuamkia, kujulikana mpaka kwetu, na vyombo, nikipiga vitufe kwa nguvu mpaka akanikumbusha kwamba hiyo kibodi bado ina mnunuzi. Na mnunuzi kweli alikuja siku chache baadaye. Aliiwasha kompyuta, akaizima, akauliza kama boksi lake lipo.

Ujumbe ulifika wiki ile ya mwisho, rafu zikiwa zimeshabaki tupu. Aliyeandika alikuwa mwanamke, wa nchi ya baridi. Mama yake alikuwa amefariki na alihitaji kijitabu cha ibada ya kumuaga. Alinieleza bila kunificha kwamba ameona wabunifu wengi wenye kazi nzuri kuliko yangu. "Lakini nimesoma kuhusu vyombo," aliandika. "Huku niko peke yangu na msiba huu. Ningependa kitabu cha mama kitengenezwe na mtu wa namna hiyo."

Nilimsomea Bi Mkubwa kwa Kiswahili. Nililia pale dukani bila kujificha, mimi niliyezoeleka kwa kununa. Niliwashukuru wale watatu moyoni, mmoja mmoja, kwa kukataa kuzungumzia kadi. Wangenisikiliza siku ile, ningekuwa na maneno kama ya kila mtu.

"Masikini, Mungu ampe subira," akasema Bi Mkubwa. Kisha akampigia yule bwana akamwambia kompyuta haiuzwi, atafute nyingine. Hata senti ya kazi hiyo ilikuwa haijaingia bado.

Wenye uzoefu kwenye ile tovuti walishauri mteja ajibiwe haraka: aulizwe rangi, idadi ya kurasa, na tarehe. Nikaanza kuandika hivyo, nikafuta. Nikampa pole kwanza. Kisha nikamwomba anisimulie, mama alikuwa mtu wa namna gani?

Jibu lake lilikuja refu, na kabla sijafika katikati likaja jingine. Jua lilikuwa limeshashuka na majirani walikuwa wakifunga milango yao. Bi Mkubwa alivuta kiti kimoja kilichokuwa kimebaki, akakaa karibu yangu.

"Soma polepole," akasema. "Tukae naye."