Pistoni za Boksi la Pili

Siku ile, mwanangu, inanirudia kwa harufu kabla ya kitu kingine chochote. Nilikuwa nimesimama mlangoni kwa kijana wangu Hamisi, huko Carrollton, Texas, jua la mwezi wa nane limekaa utosini, mara nikasikia harufu ya petroli iliyochanganywa na oili, ile inayotiwa kwenye misumeno ya kukatia miti na pikipiki za zamani. Moyo ukaruka. Nikavaa kandambili nikaifuata harufu kama paka anayefuata samaki.

Ngoja kwanza nikueleze mie ni nani, usije ukadhani bibi kachanganyikiwa. Nimeuza spea Tanga maisha yangu yote. Niliingia dukani kwa Mzee Sefu nikiwa binti wa miaka kumi na tisa, nikatoka na mvi. Pistoni, ringi, klachi, nilikuwa nazitambua kwa kidole gumba. Siku moja, bado binti, nilimsimamisha mteja kaunta na pistoni yake iliyopasuka mkononi, mie napiga soga na shoga yangu habari za harusi. Mzee Sefu hakunifokea. Alimhudumia mwenyewe, mteja akaenda zake, ndipo akaniambia: "Mwanaidi, injini iliyofumuliwa ni safari ya mtu iliyosimama. Usiikalie." Nikaitikia "ndiyo mzee", na kimoyomoyo nikacheka. Ujana una masikio, lakini ya kuvalia hereni tu.

Baada ya baba yake kufariki, Hamisi alinileta Marekani, mwaka elfu mbili na kumi na saba. Nyumba kubwa, friji limejaa, wallahi sikukosa kitu. Ila saa moja asubuhi wote wanatoka, yeye ofisini, mkewe hospitali, wajukuu shule. Nawaambia, "Mmeamkaje wajukuu zangu?" Wananijibu, "Good, Bibi," macho kwenye simu. Basi nabaki mimi na kuta. Mtaani hapiti mtu. Huku ukitembea kwa miguu, magari hupunguza mwendo kukutazama, wanadhani umepotelewa na mbuzi. Siku nyingine ilifika jioni sijatamka neno, na nilipotamka sauti yangu mwenyewe ikanishtua.

Harufu ile ilinifikisha nyumba ya tatu. Mlango wa garaji uko wazi, mzee mmoja kapiga magoti mbele ya injini iliyofumuliwa, na kando yake kuna chombo ambacho sijawahi kukiona: mbele kina mbao mbili za kuteleza, nyuma mkanda mpana wa mpira. Kwa mazoea tu nikasema, "Hodi!"

"Karibu, Mama," akanijibu.

Kidogo nilie, mwanangu. Kumbe ni Mkongo wa Uvira, anaitwa Baba Furaha, anaishi na mwanawe dereva wa malori ambaye haonekani nyumbani wiki tatu. Furaha mwenyewe, bintiye, yuko kusini, Houston. Nikamuuliza lile dude ni nini. Akasema ni pikipiki ya theluji.

"Theluji Texas? Baba, jua hili limekupiga kichwani?"

Akacheka mpaka akashika mgongo. Kisha akanieleza. Alipotoka kambi ya wakimbizi walimpeleka kwanza Minnesota, huko kwenye baridi kali, akafanya kazi kiwanda cha nyama. Jirani yake alikuwa mzungu mzee, yeye akimwita Papa Walter. Ndiye aliyemfundisha kuendesha chombo hiki juu ya ziwa lililoganda, ndiye aliyemwita mezani kwake wakati hakuna mwingine aliyemjua jina. Baba Furaha alipohamia Texas kwa ajili ya mgongo uliomuuma kwenye baridi, Papa Walter alimpa chombo, injini imekufa, akamwambia: ukiifufua, niletee niisikie. Sasa Papa Walter moyo wake mgonjwa. Mpango ulikuwa injini ipone, mwana apakie chombo kwenye lori, wafike huko theluji ikianza kuanguka.

"Muzee anangoja, Mama," akasema. "Niko naogopa atachoka kungoja."

Nilisikia, mwanangu. Nisije nikakudanganya kwamba sikusikia.

Silinda zake mbili zilikuwa zimeshachongwa upya na fundi wa mashine, zikawa pana zaidi, kwa hiyo pistoni za zamani hazifai tena. Alikuwa ameagiza mpya kwa mtandao. Akafungua boksi la kwanza, zinang'aa kama sahani za harusi. Nikazigeuza mara moja nikamwambia hapana. Zile zilikuwa za kufuliwa, kama mhunzi anavyofua jembe. Ni ngumu, za watu wa mashindano, lakini zikipata moto hutanuka sana, zataka mwanya mkubwa kati yake na silinda. Silinda zako, nikamwambia, zimechongwa kwa mwanya mdogo. Ukiiwasha kwenye baridi na kuikimbiza, pistoni itatanuka kabla silinda haijapata joto, na injini itanoki, itaganda isizunguke tena, hapo hapo. Agiza zilizomiminwa kwenye kalibu. Hazina maringo, na zinafaa kwa chombo cha mzee kinachokwenda polepole.

"Mama, weye ni fundi kweli," akasema.

Wee! Neno hilo lilinishibisha siku tatu. Na nilikuwa nimesema kweli tupu.

Tangu hapo kila asubuhi nikawa napeleka chupa ya chai ya tangawizi. Nakalia ndoo ya rangi iliyopinduliwa, mlango wa garaji wazi kabisa ili asiwepo wa kutusema vibaya, ingawa mtaa ule hata huyo wa kusema hakuwepo. Yeye anasafisha vyuma, mie namkosoa. Alinisimulia mkewe aliyemzika kambini. Nikamsimulia mume wangu, alivyokuwa akiimba vibaya akioga. Kiswahili chake kilinichekesha, changu nacho kilimchekesha. Tuliongea tu, hakuna kingine, na usiku nikawa nalala.

Boksi la pili lilifika katikati ya mwezi wa kumi. Za kumiminwa, saizi ile ile. Nikaishusha moja ndani ya silinda, nikapitisha kipimo cha bati jembamba pembeni yake. Kikapita kwa kujivuta kidogo, kama kinavyotakiwa. Nikapima ya pili, vilevile. Tanga ningeifunga kwenye gazeti nimpe mteja huku nimefumba macho.

Nikamtazama Baba Furaha, ananisubiri na spana mkononi. Nikapiga hesabu: siku mbili injini itafungwa, wiki moja atakuwa njiani, na mlango ule utashuka. Nikatoa pistoni.

"Imebana," nikasema. "Huko kwenye baridi itakufia. Agiza nyingine."

Hakuipima mwenyewe. Kwa nini aipime, na fundi kashasema? Akalisukuma boksi chini ya rafu, akaniomba nimmiminie chai.

La tatu likaja mwanzoni mwa mwezi wa kumi na moja. Safari hii nikasema ile pini ndogo inayoishikilia ringi isizunguke imekaa mbele ya tundu la silinda, ringi itanasa ivunjike. Jambo hilo lipo, mwanangu, huua injini za namna ile. Ila pistoni zile hazikuwa nalo. Uongo wa fundi ni mbaya kuliko wa mtu baki, kwa kuwa umevaa nguo za ukweli. Baba Furaha akakaa chini sakafuni.

"Papa Walter alinipigia jana," akasema. "Sauti yake imekuwa kidogo."

"Wazee ndivyo tulivyo," nikamjibu. "Atangoja."

Hivyo ndivyo nilivyosema, kwa mdomo huu huu.

Waliosema ngoja ngoja huumiza matumbo walikuwa wanamzungumzia anayengoja. Ilikuwa mwishoni mwa mwezi huo huo, wiki ya sikukuu ya Wamarekani ya kula bata mzinga. Kengele ya mlango ikalia, namwona Baba Furaha, ambaye hajawahi kukanyaga kwetu, kofia mkononi. Akasema Papa Walter amekufa. Nikampa pole. Akaipokea, akageuka kurudi garajini, nami nikamfuata bila kuitwa.

Akalivuta boksi la pili kutoka chini ya rafu. Nadhani alitaka tu mikono yake ifanye kitu. Akaishusha pistoni, akachukua bati la kupimia, akapitisha upande huu, akapitisha upande ule. Akarudia. Akachukua ya pili. Mie nimesimama.

"Mama," akasema. "Hii haikubana."

Akaliweka chini bati la kupimia.

"Ulijua?"

"Nilijua, Baba Furaha."

"Sasa juu ya nini?" Kwao ndiyo kuuliza kwa nini.

Nikaitazama ile ndoo. Nikamwambia ukweli, kwa kuwa njia ya mwongo ni fupi na mimi nilikuwa nimefika mwisho wake. "Nyumbani sina wa kuongea naye. Niliogopa ukimaliza utafunga mlango."

Hakupaza sauti. Laiti angepaza. "Ungesema tu," akaniambia. "Na mie niko peke yangu. Ungesema, ningekutafutia kiti. Lakini weye ulikamata safari ya mutu, Mama. Na kule kulikuwa mutu anakufa."

Akabonyeza kitufe ukutani. Mlango ukaanza kushuka polepole, ikanibidi niinamishe kichwa kutoka. Nilirudi nyumbani sina hata chupa yangu ya chai.

Nilipita pale siku nyingi, mlango umefungwa. Mwezi wa kwanza nikaona familia nyingine inashusha makochi. Hamisi akaniambia mzee amehamia kwa bintiye, Missouri City, upande wa Houston. Majuto ni mjukuu, na mjukuu huyu alikuwa anakaa nami sebuleni kutwa nzima.

Siku ya Idd nilimwomba Hamisi anitafutie namba. Nilikaa na simu mapajani saa nzima ndipo nikapiga. Akapokea. Nikamwomba msamaha, nikalia kama mtoto. Akaniacha nilie nimalize. Kisha akaniambia kwamba mwezi wa kumi na mbili alifunga zile pistoni za boksi la pili, akaenda hivyo hivyo Minnesota, yeye na mwanawe na chombo chao.

"Niliiwasha mbele ya nyumba yake," akasema. "Ilinguruma muzuri sana, Mama. Hakuna mutu aliyetoka."

Nikadhani amekata simu, kumbe yupo.

"Umekunywa chai?" akaniuliza.

"Bado."

"Bon, vizuri. Kunywa basi. Niko nakusikia."

Nikaenda jikoni, nikabandika maji, nikapondaponda tangawizi, simu imelala mezani, na upande wa pili mtu ananisikiliza mpaka chai ikaiva.

Basi mwanangu, wewe uliyekuja huku kusoma ama kubeba boksi kwa kibarua, unayewaambia wa nyumbani "nipo poa" huku umekalia kitanda peke yako, nisikilize. Upweke si aibu. Aibu ni kuutibu kwa kitu cha mwenzio: muda wake, safari yake, ahadi aliyompa mtu mwingine. Mficha uchi hazai. Nenda ubishe hodi, useme waziwazi, niko peke yangu, nipe hata ndoo nikalie. Wengi utakaowabishia nao wanangoja mtu wa kuwaambia hivyo. Na mtu akikuletea pistoni umchagulie, mchagulie kwa silinda yake, wala si kwa shimo lililo kifuani mwako. Ikifaa, mwambie inafaa, hata kama ndiyo siku atakayoondoka. Mwambie siku hiyo hiyo.

Mola akupe mlango ambao ukiubisha utaitikiwa kwa lugha uliyonyonya nayo. Akupe ulimi mwepesi wa kusema shida yako, na mkono mwepesi wa kumwachia mtu aende. Na anayekungoja wewe popote alipo, umkute angali anasikia. Amina.