Kaka Aliyepotelea Kwenye Sabufa

Mtaani walimwita Dada Waya, na jina lilimkaa. Mchana alikuwa kibandani kwake akifungua cherehani za watu, akitafuta jino lililolika au mkanda uliolegea. Jioni alikuwa sebuleni akihangaika na spika. Alikuwa nazo tano kuzunguka chumba, na ya sita ni sabufa, lile boksi kubwa la besi ambalo mumewe aliligeuza meza ya magazeti.

"Wenzangu wameoa wake," mume alipenda kusema akiruka nyaya kwenda jikoni, "mimi nimeoa stesheni ya redio."

Lakini ni yeye aliyepanda ngazi kuzipigilia ukutani zile mbili za nyuma, kwa hiyo malalamiko yake hayakuwa na meno.

Goti la mama mzazi wa Dada Waya lilipoanza kumsumbua, mama alihamia kwao. Alikuwa na watoto watano, watatu wako ng'ambo. Walipiga simu, tena sana. Siku moja alikata simu akashusha pumzi.

"Mnanipigia mmojammoja kama mko kwenye foleni," alisema. "Mimi nimezoea mnizunguke, mnipigie kelele."

Neno hilo lilimwingia bintiye. Utotoni mama aliwafundisha wimbo wa kuoshea vyombo, kila mtoto na sehemu yake. Dada Waya akaimba sehemu yake, akawatumia ndugu zake wote: kila mmoja aisikilize kwa spika za masikioni, aimbe ya kwake, ajirekodi kwa simu. Yeye angezipanga sauti kwenye kompyuta na kuchoma diski, kila mtoto na spika yake, mama katikati.

Kaka mkubwa, dereva wa lori la saruji, alibembelezwa. Tangu mama ahamie kwa dada mtu alikuwa amevimba. "Mimi kifungua mimba nipo, mama anakwenda kukaa kwa binti!" Hata hivyo alijirekodi ndani ya lori, akatuma bila salamu. Dada Waya akamjibu kwamba amempa spika ya nyuma kushoto.

Jumamosi mchana mama akakalishwa katikati ya sebule. Kaka mkubwa akatokea, viatu vinang'aa, akidai alikuwa anapita tu. Diski ikaingia kwenye deki.

Shhhhhhh! Kama sufuria la mafuta moto lililomwagiwa maji.

"Huyu ndiye yupi?" mama akauliza.

Mume alicheka mpaka akatoka nje. Dada Waya hakubabaika. Kwenye cherehani, uzi ukikatika hufungui mashine nzima. Unaanza na uzi wenyewe. Akaanza na waya. Deki ilikuwa imeunganishwa na redio inayolisha spika zote kwa zile nyaya mbili, nyekundu na nyeupe, zinazobeba sauti mbili basi. Diski yake ilifungasha sauti zote pamoja kama gunia lililoshonwa mdomo, na redio ndiyo yenye kisu cha kulifungulia. Akachomoa zile mbili, akachomeka waya mmoja wa dijitali. Bado shhhh. Akaingia kwenye mipangilio ya deki kwa rimoti, akakuta deki imejipa kazi ya kuirekebisha sauti njiani. Akaizuia: pitisha kama ilivyo, usiguse.

Wimbo ukatoka.

Mama akaweka mkono kifuani. "Kitinda mimba wangu huyo! Na huyu hapa, sikilizeni anavyovuta maneno!" Akageuza kichwa huku na huku, halafu akaganda. "Mkubwa wangu yuko wapi?"

Wote wakatega sikio. Spika ya nyuma kulia ilikuwa kimya kama jiwe. Chini ya magazeti, sabufa ilikuwa inanguruma: ngu, ngu, ngu.

"Si nilijua," kaka akasema akisimama. "Kwanza uliniweka nyuma kama mpagazi. Sasa umenifuta kabisa."

"Kaka, ngoja kwanza niangalie..."

"Uangalie nini? Sema tu hunitaki kwa mama."

Akaondoka.

Kesho yake Dada Waya hakugusa wimbo. Jambo moja lilimkera: sauti yake mwenyewe aliiweka mbele katikati, na ilitokea kulia. Akachoma diski ya majaribio isiyo na kitu ila yeye akitamka mahali: kushoto mbele, katikati, kulia mbele, mpaka mwisho, kila neno kwa spika yake. Akazunguka chumba akitega sikio. "Katikati" likatoka kulia. "Kulia mbele" likatoka katikati. "Kushoto nyuma" likaishia kwenye sabufa, ambayo haijui kusema, inajua kunguruma tu. "Kulia nyuma" likatoka kushoto nyuma, na spika ya kulia nyuma ikabaki bila mtu.

"Ahaa!" akapiga paja. Yeye alihesabu spika kwa mpango wake, na programu ya kuchomea ilihesabu kwa mpango wake. Akazipanga upya sauti, akachoma diski nyingine, akampigia kaka yake.

"Kaka, umo. Uliingia kwenye sabufa kwa kosa langu la kuhesabu. Njoo usikie. Na pale nyuma kushoto nilikuweka kwa sababu sikio la mama la kushoto ndilo linalosikia vizuri."

Kaka akashusha sauti. "Mbona hukusema?"

"Uliuliza?"

Jioni hiyohiyo akaja. Wimbo ukaanza, na safari hii kaka mkubwa alitoka mahali pake, wazi kabisa, ametangulia noti na kuikosa, huku lori la mtu likipiga honi katikati ya ubeti. Mama akauma mdomo. Akashindwa.

"Mwanangu," alisema, "mle kwenye boksi ulikuwa na heri."

Nyumba ikaangua kicheko, na aliyecheka zaidi ni kaka. Alipofuta machozi akamwambia dada yake, "Hebu chomoa hiyo ya kwangu. Mwenyewe nipo."

Akasimama nyuma ya kiti, upande wa kushoto, mkono begani kwa mama, akaimba na ndugu zake wa kwenye spika. Uimbaji wake haukuwa umepata nafuu yoyote. Mama akaushika ule mkono mpaka wimbo ukaisha, kisha akaamuru waanze tena, ila yule wa kulia mbele aache kukimbilia kibwagizo. Hakuna aliyemkumbusha kwamba huyo yuko ng'ambo na wala hamsikii.