Mguu Mzima Kwanza

Daktari wa farasi haanzi na mguu unaouma hata siku moja. Huingia bandani akipiga mluzi, huchuchumaa, huipasha jeli joto viganjani isije ikamshtua mnyama, kisha hupitisha kipimo cha altrasaundi kwenye mguu mzima. Wageni humwambia kakosea mguu. "Najua," huwajibu bila kuinua kichwa. "Bibie lazima kwanza aone kwamba siumizi." Mtunza farasi ameshamzoea, pamoja na zile samahani nyingi anazomwomba farasi, kana kwamba anaongea na mama mkwe.

Lakini siku ya kuona kama matibabu yamefaulu, kuupima mguu mzima hakukuisha. Mtunza farasi, hatamu mkononi, alimwona daktari akiupima juu hadi chini, akarudia, akarudia tena, na mluzi umekatika. Daktari ndiye aliyembishia mwenye farasi alipotaka jike huyu adungwe sindano ya mwisho, ya kumuua, kwa ajili ya kano iliyochanika. Wakati ule alichukua chembe hai kwenye uboho wa mifupa ya farasi mwenyewe, zikaoteshwa maabara, akazidunga palepale penye jeraha ili ziijenge kano upya.

"Daktari," mtunza farasi akasema taratibu, "huo tumeshauona."

"Tumeuona," akakubali, wala asisogee.

Basi mtunza farasi akainama, akamshika mkono wa koti, akamvuta polepole hadi kwenye mguu mbovu. Kwenye kioo cha altrasaundi, pale palipokuwa na shimo jeusi la mchaniko, nyuzi za kano zilikuwa zimejaa, zimelala pamoja. Daktari akaanza tena kupiga mluzi.