Mikrobe za kwenye redio

Jumamosi nilikuwa dukani kwa mama anayeuza maziwa, mtaa wa Mutanga Nord. Akaingia kijana na mkewe, mke akinyonyesha kichanga chini ya kitenge. Mume akaagiza glasi ya maziwa ya mgando, akanywa nusu, kisha akauliza wapi atapata maziwa ya kopo ya watoto.

"Si ananyonya?" mwenye duka akashangaa.

"Redio imesema maziwa ya mama iko na mikrobe, vile vidudu havionekani na macho. Mi sitaki mikrobe mu tumbo ya mutoto wangu."

Alisema hayo huku mgando umemwachia masharubu meupe. Mwenye duka akainyooshea glasi kidole.

"Na hiyo unakunywa, papa, unazani iliganda na maombi? Ni mikrobe ndiyo iliigandisha. Hiyo redio uliisikiliza mpaka mwisho?"

Kijana akajifuta mdomo. "Apana, mama. Umeme ulikatika."

Mkewe akainua uso.

"Mi nilienda kusikiliza kwa jirani, yeye ana sola. Walisema hizo mikrobe nyingi ni nzuri, zinamusaidia mutoto asiharishe. Nilimwambia huyu bwana yangu, akasema redio inajua kuliko miye."

Kisha akaichukua ile glasi mkononi mwa mumewe, akaimaliza.

Nilirudi nyumbani nikiwaza mabishano ninayoyasikia mjini humu kila siku, ya dawa, ya mpira, ya siasa. Watu wanakunja ngumi kutetea nusu ya habari, na nusu nyingine ilikwenda na umeme.